Mchezaji wa Lakrosi na Kazi Zake Mbili



Liko swali moja ambalo mwanafunzi wa Kidato cha Nne huulizwa mara nyingi kuliko maswali ya Hesabu. Swali lenyewe ni hili: "Ukimaliza shule utafanya kazi gani?" Wako wanaojibu udaktari, wako wanaojibu ualimu, na wako wengi, hasa Jumamosi jioni mechi inapokwisha, wanaojibu kwamba watakuwa wachezaji wa kulipwa. Jibu hili si la kuchekwa. Kucheza ni kazi kama kazi nyingine; kuna mkataba wake, mshahara wake, vyombo vyake na hatari zake. Lakini kazi yoyote yafaa ichunguzwe kabla mtu hajaiingia, kama vile mkulima achunguzavyo udongo kabla hajapanda mbegu.

Muhula huu nimechagua mchezo wa lakrosi uwe somo letu. Najua wengi mtauliza: kwa nini lakrosi, nasi hapa Sumbawanga hata fimbo yake hatujapata kuiona? Sababu ni hiyo hiyo. Tukianza kuzungumza juu ya mpira wa miguu, watu wa Simba watakaa huku, watu wa Yanga watakaa kule, na hapatakuwa na masikilizano mpaka kengele ya kulala. Lakrosi haina mashabiki katika mabweni yetu. Kwa hiyo twaweza kuitazama kwa utulivu, tukauliza jambo moja tu: mtu anayeucheza mchezo huu kwa malipo anaishije?

MCHEZO WENYEWE

Lakrosi huchezwa kwa mpira mdogo wa raba na fimbo yenye wavu kwenye ncha. Mtu aliyewahi kufika Kasanga akawaona wavuvi wakichota dagaa kwa wavu wa mpini hatashindwa kuifikiria fimbo hiyo, ila wavu wake ni mdogo, wa kutosha mpira mmoja. Mpira ni wa ukubwa wa chungwa dogo na uzito wake ni kama gramu 145. Mchezaji huudaka kwa wavu, hukimbia nao wavuni, humpasia mwenzake kwa kuurusha kwa wavu, na hufunga bao kwa njia hiyo hiyo. Kuugusa kwa mkono ni marufuku, isipokuwa kwa golikipa.

Katika lakrosi ya wanaume ya uwanja wa nje kila upande una watu 10: golikipa mmoja, mabeki watatu, viungo watatu na washambuliaji watatu. Urefu wa uwanja ni kama mita 100 na upana wake kama mita 55. Goli ni dogo sana, mita 1.83 kwenda juu na mita 1.83 upana, tena uwanja unaendelea nyuma yake, hata washambuliaji huweza kulizunguka. Fimbo ya mshambuliaji ina urefu wa mita moja na kidogo, bali ya beki huweza kufika mita 1.83. Wachezaji huvaa kofia ngumu yenye chuma mbele ya uso, na glavu nene, kwa maana wanaume wanaruhusiwa kugongana na kupigana fimbo kwa kadiri ya sheria.

Wale wanaosoma Fizikia na watazame hesabu hii. Mchezaji mmoja wa Marekani, Paul Rabil, alipata kupimwa akirusha mpira kwa mwendo wa maili 111 kwa saa, yaani karibu kilometa 179, au kama mita 50 kwa sekunde. Akiwa mita 10 kutoka golini, mpira wafika kwa sehemu moja ya tano ya sekunde. Golikipa wa lakrosi hana nafasi ya kufikiri; mwili wake hauna budi kuwa umefikiri tangu mazoezini.

Iko pia lakrosi ya ndani, ambayo huchezwa na watu sita kila upande katika uwanja uliozungushiwa kuta, na iko lakrosi fupi ya watu sita iliyobuniwa miaka ya karibuni kwa mashindano ya mataifa. Tutazirudia zote mbili, kwa kuwa zinahusu mfuko wa mchezaji.

ASILI YAKE

Mchezo huu haukutoka Ulaya. Ni mali ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, waliokuwa wakiucheza kabla Mzungu hajakanyaga pwani yao. Maarufu kati yao ni Haudenosaunee, ambao Wafaransa waliwaita Iroquois. Hao ni muungano wa mataifa sita: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca na Tuscarora. Kwao lakrosi ni mchezo wa Muumba, nao walicheza, na hata leo hucheza, ili kumwombea mgonjwa apone. Jina la sasa lilitokana na Wafaransa, kwa neno lao la fimbo iliyopinda. Padri Jean de Brébeuf, Mjesuiti, aliuandika habari zake katika miaka ya 1630 alipokuwa akikaa na watu wa Huron.

Wazungu wa Kanada waliuchukua mchezo huo katika karne ya 19. Mwaka 1856 kilianzishwa chama cha lakrosi mjini Montreal, na mwaka 1867 daktari wa meno wa mji huo, William George Beers, aliandika sheria zilizofuatwa na vyama vingi. Wasichana nao hawakuachwa nyuma: mwaka 1890 wanafunzi wa shule ya St Leonards huko Scotland walicheza mechi ya wanawake, na kutoka hapo mchezo ukaenea katika shule za wasichana za Uingereza.

Sasa sikilizeni jambo la kustaajabisha. Wenyeji wenye mchezo wao walikuwa maskini, na ili wasafiri kwenda kucheza katika miji ya mbali walilazimika kupokea fedha za nauli na chakula. Wakubwa wa chama cha Kanada wakasema kwamba mtu apokeaye fedha si mchezaji wa heshima, ni mchezaji wa malipo. Kwa sababu hiyo, mwaka 1880 wenyeji walizuiwa kushiriki katika mashindano ya ubingwa wa Kanada. Waliobaki ni madaktari, mawakili na wafanyabiashara, watu waliokuwa na nauli zao wenyewe. Basi katika lakrosi neno "mchezaji wa malipo" halikuanza kama sifa. Lilianza kama njia ya kumfungia mlango maskini.

Wenyeji hawakuuacha mchezo. Mwaka 1904, katika Michezo ya Olimpiki ya St. Louis, timu ya Mohawk ilipata nafasi ya tatu. Mwaka 1983 Haudenosaunee waliunda timu yao ya taifa, na tangu mwaka 1990 timu hiyo imekuwa ikicheza katika mashindano ya dunia kwa jina lao na bendera yao.

JINSI MCHEZO ULIVYOKUWA KAZI

Ligi za malipo zilizodumu ni za juzi juzi tu. Mwaka 1987 ilianza Marekani ligi ya lakrosi ya ndani yenye timu nne, ambayo tangu mwaka 1998 huitwa National Lacrosse League. Ligi hii huchezwa wakati wa baridi, katika Marekani na Kanada. Mwaka 2001 ilianza ligi ya uwanja wa nje, Major League Lacrosse. Mwaka 2018 yule Paul Rabil niliyemtaja, pamoja na kaka yake Mike, waliunda ligi nyingine iitwayo Premier Lacrosse League, iliyoanza kuchezwa mwaka 2019 na timu sita. Mwishoni mwa mwaka 2020 ligi ya zamani iliungana na hii mpya. Mwaka 2025 wanawake nao walianzishiwa ligi yao na kampuni hiyo hiyo, wakicheza ile lakrosi fupi ya watu sita.

Kijana hufikaje huko? Njia kubwa ni chuo kikuu. Vyuo vya Marekani vina timu zenye walimu na viwanja, na tangu mwaka 1971 vimekuwa na ubingwa wao rasmi. Kijana akimaliza masomo, ligi hufanya siku ya uteuzi, timu zikichagua kwa zamu wahitimu wanaowataka. Rabil, kwa mfano, alisoma Johns Hopkins, akapata ubingwa wa vyuo mwaka 2005 na 2007, na mwaka 2008 akawa wa kwanza kuchaguliwa. Kwa hiyo katika mchezo huu huwezi kusema, "Naacha shule nikacheze." Njia yenyewe yapita darasani.

Msidhani ya kwamba kila mwenye fimbo husoma bure. Kwa miaka mingi, mpaka mabadiliko ya mwaka 2025, timu moja ya wanaume ya daraja la juu iliruhusiwa kutoa ufadhili wa jumla ya nafasi 12.6 tu, na kikosi cha chuo huweza kuwa na watu 40 au zaidi. Gawanyeni wenyewe: kila mmoja angepata chini ya theluthi moja ya gharama. Wengi walilipa sehemu kubwa kutoka mfuko wa wazazi wao.

MAPATO YAKE

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Ligi ya akina Rabil ilipoanza mwaka 2019, magazeti ya Marekani yaliandika kwamba mshahara wa mchezaji, kwa wastani, ungekuwa kama dola 35,000 kwa msimu. Kwa kiwango cha mwaka ule hizo ni kama shilingi milioni 80 za Kitanzania. Najua mnachokifikiria, hata mimi nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza niliweka kalamu chini. Lakini fedha hupimwa mahali inapotumiwa. Mwaka huo huo mwalimu wa shule ya serikali huko Marekani, kwa wastani, alipata zaidi ya dola 60,000. Mtu anayecheza katika ligi kubwa ya mchezo wake, mbele ya televisheni, alipata pungufu ya mwalimu anayesahihisha madaftari.

Basi hufanyaje? Hufanya kazi mbili. Msimu wa ligi hiyo ni wa miezi ya kiangazi chao, na mechi kwa kawaida huwa mwisho wa juma. Kuanzia Jumatatu mchezaji yuko nyumbani kwake, huenda mamia ya kilometa kutoka kwa wenzake wa timu moja, anafanya mazoezi peke yake na kushika kazi yake nyingine. Wengi ni walimu wa michezo katika vyuo na shule. Wengine wamo katika benki, bima na biashara. Ijumaa hupanda ndege, hukutana na timu, hucheza, na Jumapili hurudi. Wengine huongeza msimu wa pili: kiangazi hucheza nje, wakati wa baridi hucheza ndani, hata mwaka mzima wawe na mshahara wa fimbo.

Mfano mzuri ni Lyle Thompson wa taifa la Onondaga. Yeye na kaka yake Miles walisoma chuo kikuu cha Albany, na mwaka 2014 walipewa kwa pamoja tuzo ya Tewaaraton, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo; walikuwa wa kwanza kutoka kwa wenyeji wa Amerika kuipata. Mwaka 2015 Lyle aliipata tena. Mwaka 2017 alikuwa bingwa wa ligi ya ndani na timu ya Georgia Swarm, na akatangazwa mchezaji bora wa ligi. Amecheza ndani na nje, na pamoja na kaka zake huendesha mafunzo ya lakrosi kwa watoto. Mtu aliye juu kabisa katika mchezo wake bado hafungi duka moja kabla ya kufungua la pili.

Rabil mwenyewe alipata fedha nyingi kuliko wenzake, lakini si kwa mshahara. Sehemu kubwa ilitoka kwa makampuni ya vifaa na vinywaji yaliyomlipa ili atangaze bidhaa zao. Aliacha kucheza mwaka 2021 akiwa na miaka 35, na siku iliyofuata hakuwa mtu asiye na kazi, maana ligi aliyoianzisha ilikuwepo. Katika ligi hiyo wachezaji walipewa mambo mawili ambayo mwanafunzi yeyote afaa kuyaandika daftarini: bima ya matibabu, na hisa katika kampuni. Bima ni kwa ajili ya siku goti linapoteguka. Hisa ni kwa ajili ya siku miguu inapochoka.

MAJIRANI ZETU

Mchezo huu umefika Afrika ya Mashariki. Uganda waliupokea kutoka kwa watu wa kujitolea wa Marekani, na Julai 2014 timu yao ya wanaume ilikwenda Denver ikawa ya kwanza kutoka Afrika kushiriki mashindano ya dunia. Mwaka 2018 walishiriki tena, mjini Netanya. Wakenya nao hawakulala: mwaka 2019 wasichana wao wa chini ya miaka 19 walicheza mashindano ya dunia ya umri huo huko Peterborough, Kanada.

Lakini katika Afrika ya Mashariki hakuna ligi ya lakrosi inayolipa mishahara. Mganda aliyecheza Denver alivaa jezi ya taifa na kusimama uwanja mmoja na mabingwa wa dunia, kisha alirudi nyumbani kutafuta riziki kama jirani yake. Fimbo, kofia na glavu havitengenezwi hapa, huagizwa ng'ambo. Hata hivyo mlango mmoja umefunguka. Oktoba 2023, katika mkutano wake wa Mumbai, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikubali lakrosi ichezwe Los Angeles mwaka 2028, ile ya watu sita. Mara ya mwisho mchezo huu kuwa na medali za Olimpiki ilikuwa London mwaka 1908. Kikosi cha watu sita uwanjani ni rahisi kwa nchi ndogo kukiunda kuliko kikosi cha watu kumi. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba mchezo huu hautatuhusu kamwe.

SISI WA UFIPA TWAJIFUNZA NINI?

Mtu aweza kusema, "Hayo ni ya Marekani. Kwetu mchezaji ni mchezaji tu." Ngoja tutazame kwetu.

Oktoba 2020, hapa hapa mjini, katika Uwanja wa Nelson Mandela, timu ya Tanzania Prisons iliifunga Simba bao 1 kwa 0. Wengi wenu mnaisimulia mechi hiyo mpaka leo. Prisons ni timu ya Jeshi la Magereza, na miongoni mwa wachezaji wake wamekuwamo askari wa jeshi hilo. Siku mguu ukikataa, sare ya kazi ingali msumarini.

Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa muda wa dakika 3 na sekunde 32.2, alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi. Baadaye alisoma chuo kikuu Marekani, akarudi, akaanzisha shule zinazoitwa kwa jina lake huko Kibaha, na kwa miaka mingi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Rekodi yake ilivunjwa zamani, lakini shule zimesimama. Na Alphonce Simbu, aliyeshinda marathoni ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo Septemba 2025 na kuwa Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano hayo, naye ni askari wa Jeshi la Wananchi. Hawa wawili hawakuwa wakimbiaji dhaifu kwa sababu walikuwa na kazi ya pili. Kazi ya pili ndiyo iliyowapa chakula cha kukimbilia.

Tena jambo hili si geni kwa babu zetu. Watu wa Ufipa walikuwa mafundi wakubwa wa chuma. Mabaki ya malungu, yale matanuru marefu ya udongo yaliyopita kimo cha mtu, yangali yanaonekana katika baadhi ya vijiji vyetu. Mawe ya chuma yaliyeyushwa humo, kisha yakasafishwa katika tanuru dogo, na mhunzi akafua majembe yaliyouzwa mbali. Lakini uyeyushaji ulikuwa kazi ya kiangazi, baada ya mavuno. Mvua iliponyesha, fundi yule yule alikuwa shambani akilima ulezi katika matuta kama wenzake. Ufundi wake ulimpa heshima na mali. Shamba lilimpa uji. Majembe ya viwandani yalipoingia kwa wingi na malungu yakazimika, fundi hakufa njaa.

Sasa niseme la kwangu, kwa sababu si haki kuwashauri wengine huku nimejificha. Mimi ni beki wa timu ya shule. Baada ya michezo ya UMISSETA mwaka huu mtu mmoja wa timu ya mji mwingine alinijia akaniambia niende kwao mara moja, nisisubiri mtihani wa Novemba, maana nafasi haingoji. Aliahidi chumba, chakula, na "kitu kidogo" kila mwezi. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye anayenilipia mahitaji ya shule kwa mahindi anayovuna Laela, aliponiuliza nimejibu nini, nilimwambia kwamba nimemwandikia yule bwana maswali matano. Nayaandika hapa, huenda yakamfaa mwingine atakayejiwa kama mimi.

Swali la kwanza: mkataba ni wa muda gani, na umeandikwa?

Swali la pili: mshahara ni shilingi ngapi, na hulipwa tarehe gani? "Kitu kidogo" si hesabu.

Swali la tatu: nikiumia uwanjani, nani atalipa hospitali, na mshahara utaendelea?

Swali la nne: je, nitaruhusiwa kusoma au kujifunza ufundi wakati nisipocheza?

Swali la tano: ukiniona nafaa leo, kwa nini nisifae Desemba, nikiwa na cheti?

Mpaka naandika makala haya sijapata jibu hata la moja. Huenda barua imechelewa, huenda maswali yamekuwa mazito. Kaka aliyasoma, akanyamaza kidogo, akasema tu, "Umemwuliza vizuri, mdogo wangu. Asipojibu, amejibu."

Msinielewe vibaya. Sikusema mtu asiwe mchezaji. Nikipata majibu mema baada ya mtihani, nitafunga viatu vyangu niende, na ninyi mtakuja kunishangilia. Ninachosema ni hiki: hata mchezaji mahodari kabisa wa lakrosi duniani, aliyesoma chuo kikuu na kuteuliwa wa kwanza, aliona haja ya kushika jambo la pili. Yeye alikuwa na bima, alikuwa na ndege ya kumpeleka mechini, na bado hakuutegemea mguu mmoja. Sisi tusio na bima tutautegemeaje?

Wako watakaosema kwamba mwenye kazi mbili hawezi kuwa hodari katika hata moja, nao hutaja mithali ya mshika mbili moja humponyoka. Mithali hiyo ni ya kweli kwa mtu anayeshika mawili kwa saa moja. Mhunzi wa Ufipa hakuyeyusha chuma huku analima. Alijua majira. Mchezaji wa lakrosi naye hafundishi darasa akiwa uwanjani. Ana siku za kalamu na siku za fimbo. Kwetu sisi wa Kidato cha Nne majira yanajulikana. Mpaka Novemba ni majira ya kalamu. Saa kumi jioni uwanja ni wetu, na tuucheze kwa nguvu zote. Saa moja usiku taa ya darasani ikiwaka, jezi na ikae kambani ikauke.

Kwa wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili nasema: chezeni sana, maana mwili usiojifunza mapema hujifunza kwa taabu. Na mkitokea kuiona fimbo yenye wavu siku moja, ishikeni mjaribu. Yawezekana mmoja wenu akawa Mfipa wa kwanza kucheza lakrosi. Ila aende huko akiwa na cheti mfukoni.

Nawatakia wote muhula mwema, na wenzangu wa Kidato cha Nne mtihani mwema.